Salongo ya ordinatere: wanaojitolea wako mbali, ugonjwa uko hapa

Salongo kila mtu Kongo anaijua. Asubuhi mapema mtaa unatoka, huyu na jembe, yule na ufagio, mtaro unazibuliwa, na hakuna anayelipwa. Wakati wa Mobutu watu walilazimishwa. Leo wengi wanaifanya kwa sababu mtaro ukijaa, maji yanaingia mu nyumba ya kila mtu.

Huko Ulaya, Marekani, Kanada na Japani kuna salongo ya namna ingine. Watu hawatoki hata mlangoni. Wanaacha ordinatere zao zifanye hesabu usiku na mchana, bila malipo, kwa ajili ya watafiti wanaotafuta dawa ya kansa, ya kifua kikuu, ya malaria na ya Ebola. Malaria na Ebola hazihitaji kuelezwa ku Beni, Butembo ao Bunia. Kinachohitaji kuelezwa ni hiki: salongo hiyo ya mbali inaleta nini ku kitanda cha mgonjwa wa hapa?

Kazi yenyewe inafanyika namna gani

Katika inchi zenye umeme usiokatika, watu wengi wana serva mu nyumba. Ni ordinatere isiyozimwa, inayotunza picha za familia, filamu na nakala za kazi. Sehemu kubwa ya siku haifanyi kitu, inangoja tu. Mwenyewe anaweza kuweka ndani yake programu ya kujitolea, kama Folding@home ao BOINC. Programu inapokea kipande kidogo cha hesabu kupitia intaneti, inakifanyia kazi kwa saa kadhaa ao siku kadhaa, inarudisha jibu, inachukua kipande kingine.

Wazo hili si jipya. BOINC ilizaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2002. Folding@home ilianza Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2000. World Community Grid ilianzishwa na kampuni IBM mwaka 2004, na tangu 2021 iko mikononi mwa taasisi ya utafiti ya Krembil, Toronto.

Kwa nini wanasayansi wanahitaji mashine za watu? Virusi inafanya kazi kwa protini zake, na protini haitulii: inajikunja, inafunguka, inafungika. Kuifuata ndani ya ordinatere, inabidi kupiga hesabu ya kila chembe yake, hatua kwa hatua. Ili kuona sekunde moja tu iliyogawanywa mara milioni, hesabu hiyo inarudiwa karibu mara milioni 500. Mashine moja ingechukua miaka. Mashine laki moja zikigawana kazi, jibu linakuja wakati mtafiti yuko bado kazini.

Mwaka 2020, Covid ilipofunga watu mu nyumba zao, Folding@home ilipata zaidi ya mashine milioni moja. Kwa pamoja zilikuwa na nguvu kupita ordinatere kubwa zaidi duniani wakati ule. Kiisha hofu ilipungua, na wengi wakazima programu.

Ebola ndani ya hesabu

Virusi ya Ebola ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976 ku Yambuku, mu jimbo la Équateur la wakati ule. Mlipuko wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, uliua watu 2,287. Karibu kila mkaaji wa Butembo anajua mtu aliyezikwa na watu waliovaa mavazi meupe.

Ni virusi hii wajitoleaji wamefanyia kazi mara zaidi ya moja. Desemba 2014, wakati Ebola ilikuwa inaua Liberia, Sierra Leone na Guinea, World Community Grid ilianzisha kazi na taasisi ya utafiti ya Scripps, California, ya kujaribu molekuli nyingi sana ndani ya ordinatere, kutafuta zile zinazoweza kushika protini ya Ebola.

Matokeo ya kuvutia zaidi yalikuja upande wa Folding@home. Ebola ina protini moja inayoitwa VP35. Kazi yake moja ni kuficha virusi, ili askari wa mwili wasijue kwamba adui ameingia. Kwa macho ya kawaida, VP35 haina pahali ambapo dawa inaweza kushika. Iko laini kama jiwe la mtoni. Ordinatere za wajitoleaji ziliifuata ikijitikisa, na zikaonyesha kwamba kwa muda mfupi inafungua shimo dogo, kiisha inalifunga tena. Watafiti walihakikisha jambo hilo kwa vipimo vya maabara, na mwaka 2022 wakalitangaza mu jarida la Nature Communications. Walionyesha pia kwamba shimo hilo likibaki wazi, VP35 inashindwa kufanya vizuri kazi yake ya kuficha virusi.

Kwa mtafiti wa dawa, hiyo ni habari kubwa: sasa kuna pahali pa kulenga. Lakini hiyo si dawa. Ni tundu la kufuli lililoonekana. Ufunguo bado haujachongwa.

Toka hesabu mpaka sindano, njia ni ndefu

Hapa ndipo maneno matamu ya intaneti yanadanganya watu. Mtu akiambiwa kwamba serva yake «inapigana na Ebola», anaweza kufikiri kwamba kuna mgonjwa anayepona kesho. Hapana. Baada ya hesabu inafuata maabara, kiisha wanyama, kiisha watu wachache wazima, kiisha wagonjwa wenyewe. Kila hatua inachukua miaka na pesa, na molekuli nyingi zinaanguka njiani.

Njia hiyo yote, Kongo imeshaitembea. Dawa inayoitwa mAb114 ilitoka mu damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya INRB walifanya kazi hiyo pamoja na watafiti wa Marekani. Novemba 2018 majaribio yalianza ku vituo vya matibabu vya Kivu ya Kaskazini, yakachukua wagonjwa 681 na kulinganisha dawa nne. Kati ya waliopewa mAb114, karibu 35 kwa 100 walikufa. Kwa waliopewa dawa ya kulinganisha, ZMapp, walikuwa karibu 50 kwa 100. Desemba 2020, Marekani iliikubali rasmi. Leo ni mali ya kampuni ya Marekani.

Basi hesabu ya nani alitoa nini si ngumu. Damu ilitoka Kikwit. Wagonjwa waliokubali kujaribiwa walikuwa wa hapa, na wanganga na manesi waliowashika wengi walikuwa wa hapa. Hata ndani ya zile ordinatere za Ulaya kuna Kongo: tantalumu inayotoka katika koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya, inatumiwa katika vyombo vya elektroniki, na kobalti ya Lualaba iko mu betri za telefone na ordinatere za mkononi. Mjitoleaji wa mbali anatoa umeme na mashine, na shukrani anastahili. Lakini mu salongo hii Kongo si mtu wa kusaidiwa tu. Ilishatoka na jembe lake zamani.

Swali la kweli: mavuno yanawekwa wapi?

Kwa hiyo, kitu cha kuangalia zaidi si ukubwa wa nguvu za mashine. Ni masharti ya matokeo. Watu wakilima shamba pamoja, kiisha mtu mmoja akafunga ghala na kuuza mahindi kwa bei yake, hiyo si salongo tena.

Mipango mikubwa ya kujitolea inaelewa jambo hili. World Community Grid inadai kwamba watafiti wanaosaidiwa watoe matokeo yao wazi. Mwaka 2020, kazi ya Covid Moonshot, iliyotumia pia hesabu za Folding@home, iliweka molekuli zake wazi kwa dunia nzima, bila kuzifungia haki ya kampuni. Matokeo yalitangazwa mu jarida la Science mwaka 2023. Shirika DNDi liliingia kusaidia kupeleka molekuli hizo mbele.

Jina la DNDi ku Kongo si geni. Ndilo lililoshirikiana na wanganga wa Kongo kujaribu fexinidazole, vidonge vya ugonjwa wa malale vilivyokubaliwa mwaka 2018. Mbele ya hapo, wagonjwa waliofikia hatua mbaya walihitaji kulazwa na kutundikiwa dawa; zamani zaidi walichomwa dawa yenye arseniki, iliyoua baadhi yao. Sasa mgonjwa wa kijiji anaweza kumeza vidonge kwa siku kumi. Fexinidazole haikutoka ku ordinatere za wajitoleaji. Lakini inaonyesha kwamba dawa ya maskini inaweza kufika, ikiwa kuna mtu aliyeamua tangu mwanzo kwamba itafika.

Upande wa mashine, mambo yanabadilika pia. Mwaka 2024, tuzo ya Nobel ya kemia ilienda kwa David Baker, ambaye maabara yake iliendesha Rosetta@home kwa mashine za wajitoleaji, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper wa AlphaFold, programu ya akili bandia inayotabiri umbo la protini. Wengine wanauliza kama salongo ya watu bado ina faida. Ina faida, kwa sababu AlphaFold inatoa hasa picha ya protini iliyotulia. Shimo la VP35 lilionekana kwa kufuata protini ikitembea.

Je, mtu wa Goma ao Butembo ajiunge?

Jibu la haki linaanza na umeme. Ujerumani, kilowati moja kwa saa moja inagharimu zaidi ya senti 30 za euro. Serva ikiongeza wati 100 tu kwa kufanya hesabu, usiku na mchana, mwenyewe analipa zaidi ya euro 20 kila mwezi. Hiyo ndiyo zawadi yake halisi. Ku Kongo, ambapo karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme, kuwasha jenereta ili kupiga hesabu za protini ni kuchoma mafuta bure. Mzazi anayenunua mega kidogo-kidogo asione haya kusema hapana.

Kwa chuo kikuu chenye umeme wa maji na intaneti ya mwezi, hali ni ingine. Ordinatere zinazolala usiku zinaweza kufanya kazi, na mwanafunzi akajifunza namna mradi wa aina hii unavyoendeshwa. BOINC inaingia hata mu telefone ya Android. Kwa kawaida inangoja telefone iwe ku chaji na ku Wi-Fi ndipo inaanza.

Kuna onyo moja. Wakaaji wa hapa wamekwisha kuliwa pesa na mambo ya intaneti yanayoahidi faida. Programu ya kweli ya kujitolea haiombi pesa na haiahidi pesa. Inachukuliwa ku tovuti ya mradi wenyewe, si ku kiungo kilichotumwa na WhatsApp. Mtu akisema «weka dola 50, mashine itakuzalishia», huyo hatafuti dawa ya mtu yeyote.

Tarehe 4 Septemba 2025 Ebola ilitangazwa tena, safari hii ku Bulape, Kasai. Mwanzo wa Desemba mlipuko huo ulitangazwa kwisha. Kutakuwa na mwingine. Yambuku, Kikwit na Beni zimeshafundisha hivyo. Serva za mbali zitaendelea kutafuta tundu la kufuli. Siku ufunguo utakapochongwa, wizara ya afya, INRB na vyuo vikuu vya Kongo wawe wamekwisha kuketi mezani na kudai kwa maandishi kwamba dawa ifike Bulape na Butembo kwa bei ya Bulape na Butembo. Mazungumzo hayo hayahitaji serva. Yanaweza kuanza hata umeme ukiwa umekatika.