Mwanzi bado unanitosha
Ukiulizia fimbo ya kuvulia hapa Sumbawanga, wengi watakuelekeza kwenye ile ya dukani, inayokunjika, yenye gurudumu la kuzungushia mshipi. Mimi bado nashika mwanzi. Ziwa Rukwa halina kina kirefu, na perege hupenda kula karibu na matete; pale unachohitaji ni ncha laini, inayotikisika samaki anapogusa tu chambo, mkono upate habari kabla ya macho. Kule Kasanga ni mambo mengine: Ziwa Tanganyika hufika kina cha mita 1,470 hivi, na gurudumu lina kazi. Lakini kijana anayeanza asiuze kuku ili anunue fimbo kwa sifa za watu tu. Aishike fimbo kwanza, apime uzito wake kiganjani. Muuzaji akikataa isishikwe, aende duka jingine.