Nyanya Haifuati Kalenda ya Mahindi

Kila mwaka, mvua zinapokuwa zimekolea, kauli moja huanza kusikika katika vipindi vya kilimo vya redio, katika mikutano ya vijiji na mbele ya kaunta za maduka ya pembejeo, nayo hutolewa kama hukumu isiyokatiwa rufaa: kwamba mkulima wa nyanya ambaye hakuhamisha miche yake shambani mvua zilipoanza ameshachelewa, kwamba apande asipande hasara ni yake, na kwamba lililobaki ni kusubiri msimu ujao. Kauli hiyo ni ya uongo. Inaudhi zaidi kwa kuwa husemwa na watu ambao kazi yao ni kuwashauri wakulima, na kwa kuwa madhara yake huonekana kwa macho, pale vitalu vyenye miche minene na yenye afya vinapotelekezwa mwezi wa Machi na wa Aprili, na mbegu chotara, yaani mbegu iliyozalishwa kwa kukutanisha wazazi wawili tofauti na ambayo hulazimu kununuliwa upya kila msimu, inapoachwa iungue juani wakati ambapo nyanya ndiyo kwanza inakaribia kupata hali ya hewa inayoitaka.

Kosa hilo limetoka kwenye mahindi. Mahindi ni zao la mvua kwa kila maana, na anayeyapanda na mvua za kwanza hufaidi naitrojeni, kirutubisho cha kukuza majani, ambayo hufunguliwa kwa wingi udongo uliokuwa mkavu unapopata maji, ilhali anayechelewa huhatarisha mimea yake kukosa maji wakati wa kutoa mbelewele, na zao likiumia katika hatua hiyo halina njia ya kufidia. Kwa hiyo katika nchi ambayo mahindi ndiyo chakula, neno “msimu” limekuja kumaanisha msimu wa mahindi, na kila mmea mwingine umelazimishwa kuvaa nguo hiyo, iwe inauenea au haiuenei. Nyanya haiienei hata kidogo.

Nyanya, ambayo jina lake la kisayansi ni Solanum lycopersicum, ni ndugu wa viazi mviringo, biringanya, pilipili na tumbaku, na chimbuko la ukoo wake ni Amerika ya Kusini, upande wa magharibi wa milima ya Andes. Mzee wake wa porini, Solanum pimpinellifolium, ambaye huzaa vitunda vyekundu vyenye upana wa takriban sentimeta 1, bado huota katika pwani ya Peru na Ecuador, na pwani hiyo ya Peru ni miongoni mwa maeneo makavu zaidi duniani, ambako uhai hutegemea mito inayoteremka kutoka milimani na unyevu uliojificha ardhini, si matone yanayodondoka kutoka juu. Mmea uliotoka katika ukoo wa namna hiyo hudai mambo mawili kwa pamoja: mzizi wake ulowe na jani lake likauke. Mvua za masika haziwezi kutoa moja bila kuharibu jingine. Anayeielewa sentensi hiyo ameielewa nyanya, na asiyeielewa hana haki ya kumwambia mtu yeyote kwamba amechelewa.

Anayefaidika na jani lililolowa ni bakajani chelewa, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita baridi kwa sababu huja na siku za ubaridi na mawingu. Kisababishi chake ni kiumbe kiitwacho Phytophthora infestans, ambacho kwa mazoea huhesabiwa kuwa ukungu ingawa kwa nasaba kiko karibu zaidi na aina fulani za mwani kuliko uyoga, na nasaba hiyo ndiyo ufunguo wa jambo zima, kwa kuwa kiumbe hicho huhitaji maji karibu kama samaki anavyoyahitaji. Vijimbegu vyake hupeperushwa na upepo na kutua juu ya jani, na pale vinapokuta utando wa maji na hali ya ubaridi hupasuka na kutoa vijimbegu vidogo zaidi vyenye mikia, ambavyo huogelea, kwa maana halisi ya neno hilo, hadi vipate mahali pa kuingilia. Jani likiwa kavu, safari hiyo haianzi.

Anayeingia shambani alfajiri ya siku ya mawingu na kuligeuza jani la chini huona baka la kijani kilichofifia, kama mboga iliyomwagiwa maji ya moto, na pembezoni mwa baka hilo, upande wa chini wa jani, utando mweupe mwembamba mithili ya unga wa muhogo uliopulizwa. Siku chache baadaye baka limekuwa la kahawia, shina lina michirizi myeusi, na matunda mabichi yana madoa magumu yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wiki moja ya manyunyu na mawingu ikipita, shamba lote husimama kama lililopitiwa na moto, na harufu ya kuoza kwake humfikia mpita njia. Kiumbe hikihiki ndicho kilichoanza kuyaangamiza mashamba ya viazi ya Ireland mwaka 1845, katika nchi ya ubaridi na manyunyu, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni 1. Kumwambia mkulima aiweke nyanya yake katikati ya hali kama hiyo kwa makusudi, kisha kumcheka jirani yake aliyesubiri mvua zipungue, ni kuugeuza ushauri juu chini.

Wanaohubiri kupanda mapema hutegemea sana hoja ya bei. Husema kwamba nyanya zinazovunwa wakati wa mvua huuzwa ghali, na hilo ni kweli, lakini hawasemi kwa nini huuzwa ghali. Bei hupanda kwa sababu mashamba mengi yameteketea, na tenga linalofika sokoni ni tenga la aliyenusurika, huku wengi waliopanda pamoja naye, kwa ushauri uleule, wakiwa hawana cha kupakia. Kumtolea mkulima mfano wa bei hiyo bila kumwonyesha mashamba yaliyoungua ni kumwonyesha mshindi wa bahati nasibu na kuwaficha walionunua tiketi. Tena hata huyo aliyenusurika hupunjwa, maana dalali hudai tenga lijazwe hadi litoe kichwa, ule ujazaji wa kupita kiasi uitwao lumbesa, ambao Sheria ya Vipimo ya Tanzania inaukataza na ambao hufanyika kando ya barabara kuu mchana kweupe, kana kwamba sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

Kisha lipo suala la dawa. Nyanya ya mvua huishi kwa bomba la mgongoni. Mkulima hunyunyiza mankozebu, dawa ya kukinga ambayo hukaa juu ya jani bila kuingia ndani, mvua ya jioni huiosha, naye hurudi kunyunyiza tena, na ugonjwa unapokwisha kuingia hulazimika kununua dawa ghali zaidi zinazopenya ndani ya mmea, kama vile metalaksili, ambayo baadhi ya koo za kimelea hicho zimekwisha kuizoea. Kila dawa ina siku za kusubiri, yaani muda unaopaswa kupita kati ya kunyunyiza na kuvuna, lakini mkulima anayeliona shamba lake likioza hawezi kuhesabu siku, hivyo huvuna leo alichonyunyiza jana. Wanunuzi wanalijua lile vumbi jeupe linaloganda kwenye bega la nyanya, karibu na kikonyo, ambalo mama hulifuta kwa upindo wa khanga kabla ya kuiweka nyanya kikapuni. Vumbi hilo ni sehemu ya gharama ya kupanda nyanya ili zinyeshewe, na hulipwa na watu ambao hawakushirikishwa katika uamuzi huo.

Watetezi wa kalenda ya mahindi hawakosi majibu, na baadhi yake yanasikitisha. Wapo wanaosema kwamba jina la ugonjwa lenyewe linathibitisha hoja yao, kwamba bakajani chelewa ni baka la waliochelewa. Jina hilo lilitolewa ili kuutofautisha na ugonjwa mwingine, bakajani tangulia, ambao huletwa na kuvu aitwaye Alternaria solani, wala halimhusu kabisa mkulima aliyechelewa kupanda. Mtu anayelima kwa kufuata tafsiri ya jina la ugonjwa angeweza pia kukataa kunywa chai kwa sababu malaria huja na homa.

Wengine huwataja wazee, wakidai kwamba wazee walipanda kila kitu na mvua za kwanza. Dai hilo haliwezi kusimama hasa mkoani Iringa, ambako Wahehe, kama walivyo jirani zao Wabena wa Njombe, wana kilimo kinachoitwa vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotayarishwa mvua zinapokatika na kuoteshwa kwa unyevu uliobaki ardhini. Wazee hao walijua kwamba ardhi huendelea kuwa na maji baada ya mbingu kunyamaza, na walijua kwamba mboga huishi vizuri zaidi katika hali hiyo. Ujuzi huo umedharauliwa kwa muda mrefu, na siku hizi hutajwa hasa pale vinyungu vinapofyekwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna mwenye akili atakayetaka mito ikauke. Lakini kumfukuza mkulima bondeni bila kumsaidia kuyafikisha maji hadi mita ya 61 ni kuitekeleza nusu ya kazi na kuiita kazi nzima.

Hutajwa pia kantangaze, yule mdudu wa jamii ya nondo aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hutoboa vijia ndani ya jani na kuingia kwenye tunda, na ambaye hupenda joto na ukavu. Kantangaze ni msumbufu, lakini huonekana, hunaswa kwa mitego ya harufu inayowavuta madume, na jani alilolitoboa huweza kuchumwa na kuteketezwa. Ugonjwa unaolimaliza shamba ndani ya wiki moja hautoi nafasi hiyo.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote umelala kando ya barabara, na wanaotoa ushauri hupita juu yake wakiwa ndani ya magari. Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, hulima nyanya kwa maji ya mifereji katika nchi kavu. Loitokitok, upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro, hufanya vivyo hivyo, na Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, inayojulikana zaidi kwa mpunga, hutoa nyanya nyingi kwa maji ya mashine na mifereji. Ilula, wilayani Kilolo, ambako matenga ya nyanya hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi mikavu inayofuata ni ya kilimo pia kwa kila mwenye njia ya kuyafikia maji. Maeneo hayo yangefuata kalenda ya mahindi, masoko yangekaa miezi mingi bila nyanya.

Mkulima aliyebaki na miche mwezi wa Aprili ana jambo jingine la kumtia moyo, ambalo mahindi hayana. Shina la nyanya lina uwezo wa kuotesha mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu, kwa hiyo mche uliokaa kitaluni zaidi ya mwezi na kurefuka haujaharibika: huondolewa majani ya chini, hulazwa katika mfereji mfupi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, na hufukiwa hadi kibaki kichwa chenye majani machache. Sehemu yote iliyofukiwa huotesha mizizi, na mmea hupata mdomo mpana wa kunywea kuliko ule wa mche mfupi uliopandwa wima. Aina zilizozoeleka, kama Tanya na Tengeru 97, huanza kuvunwa kati ya siku 75 na 90 baada ya kuhamishwa, ingawa ubaridi wa Juni huweza kuzichelewesha kidogo. Matandazo ya nyasi kavu huwekwa kuzunguka shina ili udongo usikauke kwa kushtukia, kwa kuwa maji yanayokuja na kukatika husababisha kuoza kitako, ile hali ya tunda kufanya weusi upande wa chini kwa kukosa kalisi ya kutosha. Maji hutiwa asubuhi, chini, kwenye shina. Anayesimama na keni na kuyamwaga juu ya majani hujitengenezea masika yake mwenyewe katikati ya kiangazi, na hana haki ya kuulaumu msimu.

Mahali ambapo ushauri huu haufai ni kule kunakoganda barafu mwezi wa Juni na wa Julai, kama Makete na sehemu za Njombe na Mufindi, maana ubaridi wa namna hiyo huua nyanya moja kwa moja. Kwingineko katika nyanda za mvua za msimu mmoja, mwenye kitalu hai mwezi wa Aprili na kisima, mfereji au dimbwi la karibu asiing'oe miche yake kwa sababu ya kauli ya redioni. Ailaze, aifukie, aiwekee matandazo. Kufikia katikati ya Mei mche huo utakuwa umeshika, mvua zitakuwa zimekatika, na majani yake yatakuwa makavu.