Zimamoto la Mtoto si Mchezo Mtupu

Wenyeji wa Mombasa, Malindi na Lamu wanavijua vinyago vya mawe ya Kisii vinavyouzwa kwa watalii. Vinatoka Tabaka, ambako jiwe laini huchimbwa kwa mkono, wachongaji wakalikata kwa panga na patasi, kisha akina mama wakalisugua kwa msasa na maji mpaka likalainika.

Ufundi hauanzi ukubwani. Huko Kisii na Nyamira, kama huku kwetu Pwani, mtoto hujiundia gari kwa waya, mikebe na vifuniko vya chupa. Aghalabu mzazi humfukuza akasome. Lakini kule Denmark kampuni ya Lego, iliyoanzishwa mwaka 1932, imetajirika kwa kuuza vijitofali vya plastiki ambavyo wakubwa kwa wadogo huviunganisha wakaunda hata gari la zimamoto la kale. Ikiwa kwao hiyo ni elimu, kwa nini kwetu iitwe upuuzi?

Wako wanaochelea kuwa ni sanamu. Gari halina roho, na hadithi sahihi zasimulia kuwa Bi Aisha, Mungu amuwie radhi, alikuwa na vijisanamu vyake vya kuchezea nyumbani kwa Mtume (S.A.W.).

Mtoto anayeunda zimamoto hana budi kuuliza. Ngazi hii ni ya nini? Maji husukumwa na nini? Kengele yamwita nani? Maswali hayo si ya mchezo. Mwaka 1998 moto uliwaua wasichana wa shule ya Bombolulu huko Kwale, na mwaka 2001 wavulana wa Kyanguli, Machakos. Mabweni yalikuwa na milango iliyofungwa na madirisha yenye vyuma. Anayejua kazi ya ngazi ndiye atakayeuliza: dirisha hili lina vyuma, tutatokea wapi?

Twawaomba mafundi wa Tabaka, pamoja na viboko na twiga wa watalii, wawachongee watoto wetu zimamoto. Na walimu wa shule na madrasa, toka Nyamira hadi Lamu, wawape wanafunzi waya na mikebe, kisha wawaache waulize. Samaki mkunje angali mbichi. Na swali la mtoto lijibiwe kabla moto haujawaka.