Njia ya Kamba Iliyoshusha Gari Moshi

Watu wa Ulaya na wa Marekani wana mchezo wao wa pwani. Hujenga daraja refu la miti, lenye kupanda na kushuka kama mawimbi, wakatandika reli juu yake, kisha huketi katika vigari na kuporomoka kwa makelele ya furaha. LaMarcus Thompson alifungua reli ya namna hiyo huko Coney Island, New York, mwaka 1884. Kila aliyepanda alilipa senti 5.

Afrika Mashariki nayo ilipata kuwa na reli ya kuporomoka, lakini haikuwa ya mchezo.

Reli ya kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Mbele kidogo, baada ya Limuru, nchi ilikatika ghafula: ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Sisi wa Rutshuru, tunaoijua barabara ya Kabasha itelemkayo kutoka Kanyabayonga mpaka uwanda wa Rwindi, hatuna haja ya kuelezwa zaidi, kwa maana Kabasha nayo ni ukingo wa tawi la magharibi la Bonde hilo. Lakini motokari huweza kuzungukazunguka mlimani. Gari moshi halipindi hivyo, wala halihimili mteremko mkali. Ilipasa kujenga madaraja ya chuma ubavuni mwa mlima, na kazi hiyo ilitaka muda mrefu.

Je, wajenzi walikaa kungoja? Hasha! Walitengeneza njia ya muda, iliyoshuka moja kwa moja kama ngazi. Mahali palipokuwa pakali kabisa, kwa kila mita mbili za mwendo njia ilishuka mita moja. Hapo behewa halikuachwa liende lenyewe. Lilipandishwa juu ya gari la pekee, ambalo upande wake wa chini uliinuliwa kwa mihimili, hata behewa likakaa sawasawa kama sahani mezani. Gari hilo lilifungwa kamba ya chuma iliyozunguka gurudumu kubwa huko juu. Lenye mzigo liliposhuka, lilivuta jingine tupu kupanda. Hivyo uzito wenyewe, uliokuwa hatari, ukafanywa mtumishi, na breki ikautawala.

Kwa njia hiyo vyuma vya reli, mabehewa, hata injini, vilishushwa zaidi ya mita 400. Madaraja yalipokuwa yakijengwa mlimani, reli ilikuwa tayari ikisonga mbele bondeni. Desemba 1901 ikafika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Njia ya kudumu ilipokuwa tayari, kamba zikaachwa.

Tusisahau gharama. Kwa ujenzi wa reli yote waliletwa vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Kila atazamaye reli ile na awakumbuke.

Basi, jambo hili latuhusuje? Katika wilaya yetu vita imewafukuza wengi makwao, na watoto wamesomea chini ya turubai. Wazazi wengine husema: “Hili si shule, ni la muda tu, tungojee amani, ndipo mtoto asome.” Twawaelewa, lakini hatukubaliani nao. Kamba ya mlimani ilikuwa ya muda, lakini bila kamba hiyo bondeni kusingalifika hata chuma kimoja. Nao walioifunga hawakuifunga ovyo kwa sababu ya kuwa ya muda. Kama ingalikatika, watu wangalikufa siku hiyo hiyo.

Mtoto anayejifunza kusoma chini ya turubai amesoma kweli. Shule ya matofali itakapojengwa, itamkuta yuko mbele, kama reli ile iliyotangulia bondeni. Kwa hiyo, kinachofanywa kwa muda na kifanywe kwa uangalifu, na breki yake ijaribiwe kila asubuhi.