Ndege iliyotumika inunuliwe na vitabu vyake



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya ununuzi wa ndege zilizokwisha kutumika, hasa zile za injini mbili zenye pangaboi, ambazo ndizo zinazofaa viwanja vyetu vifupi vya mikoani.

Kila habari hii inapotajwa, wananchi hugawanyika. Wapo wanaosema kuwa ndege ya mtumba ni aibu, na wapo wanaosema kuwa bei yake ni nafuu, basi tuichukue. Mimi niliyefanya kazi ya ufundi wa ndege kwa miaka mingi naona kuwa pande zote mbili zinaacha jambo lenyewe. Ndege haizeeki kwa miaka peke yake. Huzeeka pia kwa saa ilizoruka na kwa mara ilizopaa na kutua. Iliyozoea safari fupi kama ya Dar es Salaam na Unguja hutua mara nyingi kuliko ya safari ndefu kwa saa zile zile, tena hewa ya chumvi huila bati lake.

Tuchukue mfano wa Beechcraft King Air 200. Kwa kawaida injini zake hukaguliwa sehemu ya moto kila baada ya saa 1,800, na hufumuliwa zote zikifikisha saa 3,600. Anayeuza ndege hiyo injini zikiwa na saa 3,500 anaweza kupunguza bei sana, lakini zikibaki saa 100 tu, mzigo wa kufumua injini mbili unamwangukia mnunuzi. Rahisi ghali.

Habari hizi zote zimo katika vitabu vya kumbukumbu vya ndege. Kurasa zikikosekana, hakuna fundi anayeweza kuapa kuwa kipuri fulani ni halali. Tarehe 8 Septemba 1989 ndege ya kampuni ya Partnair ya Norway, aina ya Convair 580 iliyoundwa mwaka 1953 na kununuliwa ikiwa imetumika, ilianguka baharini karibu na Denmark. Watu wote 55 walikufa. Wachunguzi waligundua kuwa baadhi ya vifungio vya mkia vilikuwa bandia, vya chuma dhaifu.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2016 Serikali yetu ilinunua ndege mbili mpya za Dash 8-400. Lakini kiwanda kilisimamisha utengenezaji wa aina hiyo mwaka 2021, kwa hiyo anayetaka kuongeza huelekezwa kwenye zilizotumika. Kiwanda cha Fokker nacho kilifilisika mwaka 1996, ingawa ndege zake ziliendelea kuruka. Kwa hiyo tusizikatae ndege hizi kwa sababu ya umri tu. Tuzinunue kwa macho.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, ukaguzi kabla ya malipo ufanywe na mafundi waliochaguliwa na mnunuzi, wasiolipwa na muuzaji wala dalali. Pili, vitabu viwe kamili tangu ndege ilipotoka kiwandani, na kila kipuri chenye ukomo wa maisha kiwe na hati yake. Tatu, fedha zikiwa za umma, muhtasari wa ukaguzi utangazwe.

La mwisho ni juu ya fundi mwenyewe. Niliwahi kuletewa kitabu cha injini chenye kurasa zilizochanwa, nikakataa kutia sahihi. Niliambiwa kuwa nakwamisha kazi. Viongozi wa mashirika wafahamu kuwa fundi anayekataa kutia sahihi analinda roho za abiria na fedha za wananchi. Asitishwe wala asihamishwe kwa sababu hiyo.

Fundi Mstaafu,
Mwanza.