Panya na Shomoro chini ya Paa Moja

Juma hili twapenda kuwaeleza habari za wageni wawili wakaao nyumbani mwetu bila kualikwa: panya na shomoro. Wote ni wadogo, wote hula nafaka zetu. Hata hivyo si wa ukoo mmoja.

Wenye elimu ya viumbe huwapanga wanyama kwa kufuata maumbile yao. Panya yumo katika jamii ya wanyama wanyonyeshao, kundi la wagugunaji. Alama yao ni meno ya mbele, mawili juu na mawili chini, yasiyoacha kukua maisha yote. Hivyo hawana budi kuguguna ili yapungue. Shomoro ni ndege, tena wa kundi la ndege waimbao. Vidole vyake vitatu huelekea mbele na kimoja nyuma, apate kushika kijiti imara. Wimbo wake ni hafifu, lakini ukoo haupimwi kwa utamu wa sauti.

Wana wao huja duniani uchi, macho yamefumba. Mama panya huwapa wake maziwa; shomoro, mume na mke, huwaletea wao wadudu. Shomoro hujenga kiota chini ya paa, akatafuta chakula mchana. Panya hukaa shimoni na nyuma ya magunia, akatembea usiku.

Sasa twawauliza wazazi: ni yupi tunayemfukuza? Watoto humpiga shomoro kwa manati, nasi twaacha mahindi sakafuni bila kifuniko. Twampiga mla wadudu, twamkaribisha mleta hatari! Huko Ituri, katika nchi yetu, ugonjwa wa tauni umejulikana tangu miaka ya 1920. Panya wakifa kwa tauni, viroboto wao huwaacha na kuwarukia watu.

Basi mkiona panya wengi wamekufa bila kutegwa, msiwashike kwa mikono, wala watoto wasiwachezee. Pelekeni habari upesi kwa waganga wa hospitali. Mwenye homa ya ghafla na mtoki hupona kwa dawa, asipocheleweshwa.

Tuinue ghala juu ya nguzo zilizovikwa bati, tufunike vyungu, tufagie makombo kabla ya kulala. Na kile kiota kilicho chini ya paa, tukiache mahali pake.