Kabla ya kusifu ladha, niambie nani alipika

Nitasema kitu kitakachowaudhi wale wa kuposti glasi na barafu kila Ijumaa: pombe kuwa tamu haitoshi. Niambie kwanza nani aliipika. Na kama hujafika 18, soma tu, chupa si yako.

Binamu yangu alirudi juzi kutoka Cincinnati na chupa ya New Riff, bourbon ya kiwanda kidogo cha Newport, Kentucky, ng'ambo tu ya mto Ohio. Tulikuwa wanne, kila mtu na kidogo chini ya glasi. Manze, hiyo kitu si mchezo. Kilevi ni asilimia 50, kwa hivyo ukikimbilia kunusa inakuchoma pua. Ukitulia unapata sukari guru iliyoanza kuungua, kisha mahindi ya kuchoma, halafu huko nyuma ya ulimi pilipili manga na mdalasini. Tulitia matone ya maji, ukali ukashuka, utamu ukatokea. Msee mmoja akasema inanuka kama karakana ya seremala. Hakukosea.

Hakuna rangi wala ladha ya kuongezwa hapo. Kisheria bourbon lazima iwe na mahindi angalau asilimia 51, na ikae kwa pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Hii ina mahindi 65, nafaka ya rai 30, na kimea cha shayiri 5. Ile pilipili ni ya rai.

Lakini mimi nilishikwa na lebo. Imeandikwa "Bottled in Bond", maneno ya sheria ya Marekani ya 1897: kiwanda kimoja, msimu mmoja, miaka isiyopungua 4 kwa pipa, asilimia 50. Sheria ilikuja kwa sababu watu walikuwa wanauziwa spiriti iliyotiwa rangi, ati ni wiski. Si unajua hiyo stori?

New Riff walifungua 2014. Pipa haliharakishwi, kwa hivyo kwanza waliuza wiski iliyopikwa Indiana, kwa jina lingine, OKI, na wakasema wazi imetoka wapi. Bourbon yao wenyewe ilitoka 2018. Sasa linganisha na Templeton Rye, iliyojiuza kama wiski ya kijijini Iowa, na hadithi ya Al Capone juu. Kumbe ilipikwa kwa kiwanda kikubwa cha Indiana. Walishtakiwa, na 2015 wakakubali kurudishia wanunuzi pesa.

Huko hadithi ya uongo ilikula pesa. Huku inakula watu. Februari 2024, Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa kwa pombe yenye sumu. Halafu sisi tunabishana chupa gani inatoka poa kwa picha.

Kwa bourbon, tafuta "Distilled by" na jina la mji. Ukiona "Produced by" au "Bottled by" peke yake, uliza, huenda walinunua ya mwingine. Hapa kwetu, toa simu, fungua Soma Label ya KRA, skani ile stempu kabla hujalipa. Muuzaji akianza kukuharakisha, mwachie chupa yake.